Picha Isiyoshuka Ukutani

Jumba la Picha
3 Machi

Kwa wifi yangu,

Salamu zitangulie, maana sisi ndivyo tulivyolelewa. Ninyi mlivyolelewa sijui, ila barua yako ya mwisho ilianza na neno "Sikiliza."

Haya, nimesikiliza. Unataka nitie saini ridhaa ya kuukata mti uliomea kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya baba. Nyumba ni nusu yangu, na nusu ya marehemu kaka ambayo sasa ni yako, na wakataji hawainui msumeno bila saini zote mbili. Nawapongeza wakataji. Jibu langu ni hapana.

Mti ule haujaiharibu nyumba, umeikamilisha. Najua maneno haya yatakupita juu ya kichwa, kama yalivyompita marehemu, kwa hiyo nitayashusha. Ile picha iliyoko sebuleni, ambayo ninyi mmekuwa mkiifuta vumbi kama mlango wa friji, ni chapa ya shaba ya zamani sana. Mchoraji alikwaruza bamba la shaba kwa sindano, akaiachia tindikali iichimbe ile mistari, akapaka wino, akachapa. Alichora magofu ya ukumbi usio na paa, na katikati ya ukumbi akauweka Mti Mkuu, mizizi yake ikikumbatia nguzo, matawi yake yakiwa ndiyo paa jipya. Wengine wote wa zama zake walichora vichaka vidogo tu juu ya matao. Yeye peke yake aliiachia mimea ishinde. Nimeandika kitabu juu ya mti huo. Nimeufundisha nusu ya maisha yangu. Na sasa mti wa kweli umeota kwenye ukuta uleule picha ilipotundikwa, nawe unataka kuukata! Huo ni ushamba, wifi, na ushamba hauna dawa ya kumeza.

Sasa na mimi nina ombi. Mwezi wa tano tunafungua maonyesho ya magofu, na picha hiyo ndiyo kiini chake. Ifunge vizuri uitume. Usikiguse kioo. Usiguse chochote.

Na tafadhali, ukijibu, usiniletee ile methali ya ufa na ukuta. Najua iko njiani.

Wifi yako,
Mhifadhi Mkuu


Nyumbani
11 Machi

Kwa Mhifadhi Mkuu,

Sikiliza.

Barua yako imenikuta napanga meno ya bandia ya juu ya mzee mmoja anayetaka yawe meupe kama ya kijana, na mikono yangu ikiwa na nta hadi viwikoni. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye "umeikamilisha" nilikaa, si kwa uzuri wa neno, ila nisome tena nione kama nimekosea.

Tangu maabara ya meno ilipofungwa, mimi hufanyia kazi sebuleni. Meza yangu iko chini ya hiyo picha yako. Mzizi umeshaingia ndani, juu kidogo ya fremu, mnene kama kifundo cha mkono wangu. Kila asubuhi napanguza chokaa juu ya meno ya watu. Upande wa jikoni naweza kupitisha kijiko ukutani kikatokea nje. Methali yako nimeiacha kama ulivyoagiza, kwa sababu ufa wenyewe umeshaisema.

Mizizi naijua, wifi. Jino likiota mahali pasipo pake hatuliiti kiini cha maonyesho. Linang'olewa.

Kuhusu picha: mume wangu aliniachia maagizo machache sana. Hakusema nisiolewe, hakusema nisiuze vifaa vyake. Alisema picha ile isishuke ukutani, na hasa isifike mikononi mwako. Sikumwuliza sababu. Nilidhani anakukomoa tu, nikaona anastahili angalau starehe hiyo moja. Ulimwita "fundi bomba" mbele ya watu kama mtu anayetaja ugonjwa. Hukuja hata kumzika.

Wewe unayalilia magofu ya watu waliokufa zamani, na huyu aliye hai anayelala ndani ya gofu unamwandikia habari za ushamba. Kweli una jicho. Ila linaona mbali tu.

Mjane wa kaka yako


Jumba la Picha
19 Machi

Wifi,

Umeandika vizuri kuliko nilivyotegemea. Lazima kuna mtu aliyekusaidia.

Kwa kuwa umelileta suala la mazishi, nalo nilimalize. Mara ya mwisho nilipokuja hapo nilikuja na glavu nyeupe na bisibisi ndogo, nimesafiri siku nzima. Niliomba jambo moja: kuitoa picha kwenye fremu, niitazame karatasi yake uso kwa uso. Maana kitabu changu chote, nikwambie ukweli, nilikiandika kwa kutumia kumbukumbu na picha iliyopigwa kupitia kioo chenye ukungu. Kaka alisimama mbele ya ukuta na spana mkononi, mwenyewe katoka kuzibua sinki, ananuka sinki, akasema, "Picha haishuki." Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Haishuki tu." Nilimwambia yeye haijui tofauti ya chapa ya shaba na kalenda ya duka la saruji. Akasema, "Sawa, sijui." Akabaki amesimama palepale. Mimi mtu anayenifanyia hivyo, hai au maiti, simwendei tena.

Usinijie na marehemu kama mtakatifu. Kaka alikuwa mzito tangu utotoni. Kuna siku aliimaliza chupa nzima ya wino wa baba, wino mweusi wa ofisini, na alipoulizwa ameufanyia nini akakaa kimya kama gogo. Baba alimcharaza mkanda hadi majirani wakatoka nje. Mimi nilikuwa sijaanza hata shule, nimekaa kizingitini, nacheka mpaka nashikwa na kwikwi. Hata mtoto wa umri ule aliona upumbavu wake. Ungekuwa umeumwaga, sema umeumwaga! Hakusema.

Basi tufanye biashara, kwa kuwa kwa lugha nyingine hatuelewani. Nitumie picha, nami nitakutumia saini. Kata mti wako, piga plasta, paka rangi ya maziwa, weka na maua ya plastiki. Mimi nitabaki na mti ulio bora.

Mhifadhi Mkuu


Nyumbani
2 Aprili

Wifi,

Nilikuwa nimekubali. Ulijue hilo kwanza. Nilikwishanunua boksi na magazeti ya kuifungia, nikamwomba radhi mume wangu kwa sauti, peke yangu sebuleni, kama mwendawazimu. Nilipanga niishushe nikitoka kupeleka meno kliniki.

Mvua ilinikuta hukohuko. Niliporudi ukuta wa nyuma ulikuwa sakafuni, mti wenyewe umebaki umesimama. Sikuumia, asante kwa kuuliza. Meza yangu imevunjika vipande, plasta yangu ya kutengenezea meno imekuwa uji, na meno ya wateja yametapakaa kwenye tope yakinichekelea. Nimeyaokota moja moja kama mtu anayechambua mchele. Sasa nalala jikoni na turubai ndiyo ukuta.

Picha ilikuwa imelala chali, kioo kimepasuka, maji yanapita juu yake. Na hapa ndipo nataka unisome polepole. Magofu yapo. Nguzo zote zipo, matao yapo, vichaka vidogo juu ya matao vipo, kila unyasi mahali pake. Mti wako Mkuu ndio ulioondoka. Nilifika ukiwa unatiririka. Ulitoka kwenye karatasi ukapita kwenye vigae, mweusi, ukaingia kwenye tundu la maji machafu ambalo kaka yako alilichimba mwenyewe. Umebaki kivuli cha kijivu tu.

Sikuugusa. Niliukuta ukienda.

Naomba saini. Safari hii siombi kwa ajili ya ufa.

Mjane wa kaka yako


Jumba la Picha
8 Aprili

Wewe mwanamke,

Umeiharibu makusudi. Nami nitakuthibitishia, kwa kuwa ulisahau unamdanganya nani.

Wino wa chapa ya shaba ni wa mafuta. Unasukumwa ndani ya karatasi kwa mtambo mzito. Ungeitupa picha ile mtoni ukaja kuiokota msimu mwingine, mstari mmoja usingehama. Wanaohifadhi picha huziosha kwa maji, tena kwa kukusudia. Kwa hiyo habari ya mti uliotiririka kwenye vigae ni hadithi ya kulalia watoto. Ama mti upo nawe unanificha, ama umeufuta kwa dawa zako za meno, kwa wivu, mstari kwa mstari, ukaacha vichaka ili nikuamini.

Kwa maji wino unaotoka ni wa kalamu tu. Wa chupa. Wa makarani.

Ilete hiyo picha kama ilivyo. Nitaipima mwenyewe, na nikikuta hata tone la dawa nitakufikisha mbele ya sheria, na hiyo nusu ya nyumba utaisahau.

Mhifadhi Mkuu


Nyumbani
15 Aprili

Kwa Mhifadhi Mkuu,

Dawa zangu ni plasta, nta ya rangi ya waridi na maji ya moto. Ukipata tone lingine humo, nipeleke unakotaka. Watanipa angalau chumba chenye kuta nne.

Picha hiyo hapo. Nimeikausha katikati ya magazeti chini ya sufuria, na kama hivyo sivyo inavyofanywa, basi ungekuja wewe na glavu zako.

Kabla hujaifungua nikwambie utakachokiona, usije ukasema nimekichora mimi. Pale mti uliposimama, karatasi ilipokauka umejitokeza mchoro wa penseli nyekundu, umekandamizwa hadi karatasi imebonyea. Kichwa cha mviringo. Miguu inatoka kichwani, kiwiliwili hakuna. Vidole ni vingi kama kitana. Kando yake kuna kichwa kingine kikubwa zaidi, nacho kina miguu, na hawa wawili wameshikana mikono katikati ya ukumbi wa magofu. Mchoraji wa zamani hakuchora hao. Ni mtoto ambaye hajaanza shule, aliyeikuta karatasi mezani kabla haijatiwa fremu, na penseli ya baba yake iko karibu. Nyumba hiyo ilikuwa na watoto wawili. Mmoja ndiye mwenye jicho.

Jambo jingine. Kitabu chako chenye picha ya mti nimekitafuta, ninacho. Umeandika ukurasa mzima kuisifu mizizi, jinsi inavyokunja kona ghafla, "kwa ukaidi ambao hakuna mkono mwingine wa enzi hizo uliouthubutu." Nimeishi na mkono huo. Nimeutazama ukichora mabomba ya nyumba za watu mgongoni mwa bahasha, na kila bomba lilikunja kona hivyohivyo. Nilisoma ukurasa wako nikacheka, kisha nikafunga kitabu, nikalia kwa hasira. Mkono huo uliusifu kwa maneno yote ya kamusi, na mwenye mkono ukasema ananuka sinki.

Sijui kama ninachowaza ndicho. Wewe ndiye mtaalamu. Pima.

Mjane wa kaka yako


Jumba la Picha
27 Aprili

Wifi yangu,

Nimepima. Hakuna dawa.

Ridhaa ya kukata mti imo ndani ya bahasha hii, imetiwa saini na mashahidi wawili. Nimeambatisha na nyingine inayokupa nusu yangu ya nyumba. Usinishukuru, sitaki kujua unavyoandika ukiwa na shukrani.

Karatasi ile baba alipewa na mkubwa wake wa kazi, ikalala mezani siku moja, kesho yake ikapelekwa kutiwa fremu. Hakuwa mtu wa kutazama picha, ila mkubwa wake alikuwa akija nyumbani. Penseli nyekundu naikumbuka. Ilikuwa mwiko kuigusa. Kwa aliyevunja mwiko huo baba asingejali umri, angemcharaza.

Msaidizi wangu ameniandalia sentensi ya kusoma kwenye maonyesho: kwamba picha iliharibiwa na mvua kutokana na uzembe wa mwenye nyumba. Ni sentensi nzuri, fupi, na haina mtu wa kuipinga. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Kisha nikapanda kwa mkurugenzi nikamwambia ukweli, kwamba mti niliouandikia kitabu ulichorwa na mvulana kwa wino wa ofisini, na chini yake kuna vichwa vyenye miguu nilivyochora mimi. Alicheka mpaka akavua miwani. Akawaita na wengine waje kusikia. Walicheka wote, wifi. Mmoja alishikwa na kwikwi.

Kiini cha maonyesho sasa ni bakuli lililopasuka.

Miaka yote ile kaka angeweza kuishusha picha ile akanionyesha, nikanyamaza. Nilimtukana usoni naye ana jibu ukutani, nyuma ya mgongo wake. Mimi ningeshusha. Ningeishusha siku ya kwanza niliyoitwa mjinga. Nakurudishia picha. Siwezi kukaa nayo chumba kimoja.

Wifi yako


Nyumbani
9 Mei

Wifi yangu,

Nimeanza kukuandikia mara kadhaa na kila mara nilikuwa nakutukana, maana mkono umezoea. Hii ndiyo iliyotoka na matusi machache.

Mti tumeukata Jumamosi. Wakataji walifika na kelele zao, wakanywa chai yangu yote, wakauangusha. Shina lilikuwa limekumbatia bomba la maji la kaka yako, na bomba halikuvuja hata tone. Fundi wa ukuta anasema mti ulikuwa unalitafuta bomba hilo tangu mwanzo. Kisiki nimekiacha nje, kinafaa kukalia.

Kuna kitu sikukuambia, kwa sababu nilikuwa nakitunza nikupige nacho siku moja. Habari ya kile kipigo cha wino niliijua kabla hujaniandikia. Mume wangu alikuwa anaisimulia tukiwa tumeshiba. Ya wino wenyewe hakusema ulikwenda wapi, hata kwangu. Alisimulia mkanda tu, na majirani kutoka nje, na wewe kizingitini unacheka mpaka kwikwi. Na kila akifika hapo, naye alicheka. Mimi ilikuwa inaniudhi. Nilikuona una roho mbaya tangu ukiwa na meno ya maziwa, nikamwona yeye bwege. Siku moja nikamwuliza, "Sasa hapo kinachokuchekesha ni nini? Unapigwa, mtoto anakucheka!"

Akasema, "Baba alikuwa akimtazama yeye. Alikuwa anatafuta nani kati yetu ana uso wa hatia. Alivyomwona anacheka vile, akamwacha."

Nilidhani ni maneno yake ya kijinga tu. Nimeyaelewa mwezi huu, nimekaa jikoni nyuma ya turubai.

Basi acha kujitesa kwa kicheko kile. Kwake hakikuwa dharau. Ndicho kilichomhakikishia kwamba umeokoka. Zile dharau nyingine zote ulizomfanyia ukubwani, hizo beba, ni zako. Sikupunguzii.

Ridhaa ya nusu yako ya nyumba nimeichana. Usipate kichwa, sitaki tu kuwa peke yangu mwenye kulipia rangi.

Ukuta mpya umesimama. Picha nimeitia kioo kingine, na wale wawili wa penseli nyekundu wanaonekana vizuri wakiwa wameshikana mikono mle magofuni. Msumari nimeupigilia mwenyewe, na fremu imekaa upande. Nimeisukuma kushoto, nimeisukuma kulia, haikai. Njoo uinyooshe. Wewe ndiye mwenye jicho.

Wifi yako